Mtani wangu aliuliza Tabora kuna nini: barua ya wazi kutoka kibanda cha chai cha stesheni

Waheshimiwa mnaoshika utalii, mambo ya kale na mji wetu wa Tabora,

Shikamooni mlionizidi umri. Mlio wadogo zangu, hamjambo. Naandika alfajiri, moto umeshashika lakini sufuria ya kwanza ya maziwa bado, kwa hiyo mkiona barua imekatika ghafla mahali mjue nimekimbilia maziwa.

Nauza chai nje ya stesheni, huu mwaka wa kumi na tisa. Chai, maandazi, chapati, na siku ya treni nawasha jiko la pili kwa ajili ya wali maharage. Nilifika kidato cha nne. Historia nilipata C, masomo mengine tuyaache. Marehemu baba alikuwa fundi karakana ya reli, na mengi nitakayoyasema hapa niliyasikia kwake kabla sijayakuta vitabuni.

Kilichonikalisha chini kuandika ni hiki: mtalii mnayemtafuta mbali, mimi ninaye. Ameshafika. Nauli ameshalipa. Amekaa kwenye benchi langu, ana saa tatu nne mkononi, na hajui pa kwenda.

Mnaosafiri kwa ndege huenda hamlijui hili. Treni ya kutoka Dar es Salaam ikifika Tabora hukatwa. Mabehewa ya Mwanza huku, ya Kigoma kule, na ya Mpanda yafuatane na ya Kigoma mpaka Kaliua ndipo yachepuke kushoto. Kichwa kinakwenda, kinarudi, kinagonga behewa, kinatulia, dereva anashuka kunywa chai kwangu. Kazi hiyo haina haraka. Abiria naye anashuka, ananyoosha miguu, ananawa uso kwa maji ya chupa, anavuka barabara. Swali la kwanza ni bei. La pili ni choo kiko wapi. La tatu, bila kukosa: "Mama, hapa Tabora kuna nini cha kuona?"

Miaka yote hiyo nilikuwa najibu, "Kuna asali." Ananunua chupa moja, anarudi kwenye behewa kulala.

Nilijibu hivyo mpaka mwezi wa sita uliopita, alipokaa benchini mzee mmoja wa Kizaramo akiwa njiani kwenda Kigoma kumwona binti yake. Mnyamwezi na Mzaramo ni watani, hilo hamhitaji kuambiwa. Utani wenyewe ulizaliwa barabarani, enzi babu zetu wanashusha mizigo Pwani na babu zao wanawapokea, wanawauzia chakula na kuwacheka. Basi mzee aliponiuliza Tabora kuna nini nami nikajibu asali, akaguna. "Mji mzima mkubwa hivi, mnajivunia nyuki?"

Nikapandwa na hasira ya kitani. Nikamwachia binti yangu kibanda, nikaita bajaji, nikamwambia mzee panda.

Kabla sijafika tulikoishia, niruhusuni niseme nilichomwambia njiani, maana bajaji ilikuwa inakwenda polepole kwa mashimo.

Nilimwambia mji huu kusubirisha watu ndiyo kazi yake tangu zamani. Njia ya misafara kutoka Bagamoyo, zaidi ya kilomita 800, ilikuwa inafika hapa inagawanyika: moja Ujiji, moja kaskazini hadi Karagwe na Buganda, nyingine kusini kuelekea Ufipa na Katanga. Reli ilipoingia mwaka 1912 ilikuja kukalia nyayo zile zile. Wapelelezi Burton na Speke walifika Novemba 1857 baada ya siku zaidi ya 130 njiani, Waarabu wakiwa wameshajenga na kupaita Kazeh. Stanley alikwama hapa karibu miezi mitatu mwaka 1871 kwa sababu Mtemi Mirambo alikuwa ameifunga njia ya Ujiji. Na Livingstone? Yeye ndiye abiria aliyekwama kuliko wote. Tarehe 14 Machi 1872 Stanley alimwacha pale Kwihara, nje kidogo ya mji, akaenda Pwani kumtafutia wapagazi, na mzee wa watu akasubiri. Aliondoka tarehe 25 Agosti. Miezi mitano na siku zake! Siku hizi abiria akinilalamikia saa nne namwambia habari hiyo, anacheka, anaagiza chapati ya pili.

Mzee Mzaramo naye alicheka. Halafu akasema, "Hao wote Wazungu. Wenyeji mlikuwa wapi?"

Swali hilo, waheshimiwa, ndilo lililonikereketa, kwa sababu jibu ninalo ila halina mahali pa kuoneshwa. Sisi ndio tuliokuwa na mji mkuu. Kwikuru ndipo alipokaa mtemi, na neno Ikulu mnalolitumia kila siku kwenye taarifa ya habari limetoka huku kwetu. Kwikuru ya Unyanyembe, utemi wa hapa kwetu, ndiyo iliyowapa Waarabu ardhi ya kukaa. Mtemi Isike aliizungushia yake maboma ya udongo mnene, Wajerumani wakaishambulia mwaka 1892 wakashindwa, wakarudi Januari 1893 na Tom von Prince, yule aliyeitwa Sakarani. Isike alipoona wameshaingia ndani hakusubiri kukamatwa. Alijilipua kwa baruti yake mwenyewe. Jambo kama hilo lingetokea kwa watu wengine, watoto wangelicheza kama igizo kila mwaka. Kwetu, mgeni akikuuliza hapo palipolipuka baruti ni wapi, watu watatu watamwelekeza sehemu tatu. Na mimi ni mmoja wa hao watatu.

Basi tukafika tulikokuwa tunakwenda. Sitapataja, maana siandiki kumharibia mtu kazi, na mtunzaji mwenyewe namfahamu, ni mtu mwema. Tulikuta kufuli. Kufuli limefungwa mfuko wa rambo ili lisishike kutu, na mfuko wenyewe umefungwa fundo mbili, fundo la mtu asiyetegemea kulifungua leo. Mama aliyekuwa anaanika mihogo jirani akatuambia mwenye funguo amekwenda msibani Sikonge. Msiba hauna ratiba, hilo nalikubali. Lakini funguo zilikuwa Sikonge pia. Simu yake haipatikani. Mzee akainama, akachungulia kwenye ufa wa mlango, mkono mmoja kwenye kofia. "Naona kiti," akasema. "Na ndoo." Akainuka, akajipangusa magoti taratibu. "Watani zangu, mizigo ya watu mliifikisha Pwani bila kupotea hata ushanga mmoja. Mzigo wenu wenyewe mmeuachia mfuko wa suruali ya mtu mmoja."

Sikuwa na jibu. Kwenye utani ukikosa jibu umeshindwa, na kushindwa na Mzaramo ni deni. Barua hii ni sehemu ya kulilipa.

(Maziwa yamechemka. Naendelea.)

Tulibakiwa na saa moja unusu. Nikamrudisha stesheni, na hapo ndipo nikashtuka kwamba kitu cha kumwonesha nilikuwa nacho pale pale siku zote. Nilimsimamisha upande inapoonekana reli inaingia karakana nikamwambia alichonisimulia baba. Mwaka 1916, vita ya kwanza ya dunia, Waingereza wanakuja kutoka kaskazini na mashariki, Wabelgiji kutoka magharibi. Wajerumani wameishiwa pesa, meli haziwezi kuleta sarafu kutoka kwao. Wakageuza karakana ya reli ya Tabora kuwa kiwanda cha kufua sarafu. Heller 5 na heller 20 za shaba, nyingine zikiyeyushwa kutoka kwenye maganda ya risasi. Kisha rupia 15 za dhahabu, dhahabu ya Sekenke, kule Singida, upande mmoja tembo ameinua mkonga na mlima nyuma yake. Zilitoka kama 16,000 hivi. Septemba 19 mwaka huo huo jeshi la Wabelgiji la Jenerali Tombeur, askari wake wengi wakiwa Wakongo, likaingia mjini, na Ubelgiji wakampa jina la heshima lenye neno Tabora ndani yake. Leo rupia hizo ziko kwenye makabati ya watu wenye pesa zao, na zinapouzwa huitwa kwa jina la mji wetu.

Mzee aliingiza mkono mfukoni, akatoa sarafu ya shilingi mia tano, ile ya nyati. Akaigeuza, akaitazama muda, akaitazama karakana. "Na tembo," akasema. Basi. Lakini treni ilipopigwa honi nilimwona dirishani anawahadithia wenzake wa behewa, mkono unachora mkonga hewani. Jambo ambalo sijawahi kuliona kwa mtu aliyenunua asali.

Sasa, ombi langu siyo mradi wa mabilioni. Mradi ukija na mabilioni najua utakavyoishia: jiwe la msingi, hotuba, geti jipya, na geti nalo likapewa kufuli.

Naomba bango moja stesheni. Kubwa, la Kiswahili kwanza, lisomeke na mtu aliyetoka kulala siku nzima kwenye behewa. Liseme: una saa mbili, nenda hapa, una saa nne, unaweza kufika Kwihara kwenye tembe la Livingstone na kurudi, bajaji ni kiasi hiki kwenda na kurudi, usilipe zaidi. Bei hiyo kaeni na madereva muikubaliane, maana siku nyingine namsikia mtu anamtajia mgeni nauli mpaka mimi naona aibu kwa niaba yake. Na chini liandikwe namba ya simu inayopokelewa.

Naomba funguo ziwe kwa watu wawili. Hii haihitaji bajeti hata kidogo.

Na naomba, hili ndilo kubwa kwangu, hadithi isimuliwe kuanzia kwenye mabega ya waliobeba. Mgeni akifika Kwihara aone kuta nene za udongo na mlango wa nakshi za Kiunguja, asikie ya Livingstone, sawa, nani atakataa. Lakini aambiwe pia kwamba mzigo wa mpagazi ulikuwa frasila mbili, kama kilo 32, na awekewe mzigo wenye uzito huo pale mlangoni ajaribu kuuinua. Auinue tu, atembee nao hatua ishirini chini ya miembe, halafu aambiwe Pwani ni kilomita 800. Hakuna maelezo ya ukutani yatakayofanya kazi ya hatua hizo ishirini. Gunia la mchanga, kamba na mzani, nakadiria havifiki elfu hamsini, na mzani nitaazima kwa muuza viazi.

Aambiwe na habari ya Oktoba 1873. Livingstone alikuwa amefia kwa Chitambo, ambako leo ni Zambia, Mei mosi mwaka huo. Chuma, Susi na wenzao wakaukausha mwili wake, wakaubeba, wakaingia nao Kwihara. Pale walimkuta Mwingereza, Cameron, akawashauri wamzike hapa hapa, ya nini kuhangaika. Wakakataa. Wao, waliokuwa wanaitwa watumishi, walimkatalia Mzungu, wakanyanyua mzigo wao, wakafika Bagamoyo Februari 1874. Najua hawakuwa Wanyamwezi, Chuma alikuwa Myao, lakini kukataa kule kulitokea kwenye udongo wetu na mimi nakuhesabu ni kwetu. Kila ninapolisimulia hili chai hupoa mkononi mwa msikilizaji.

Habari za Mwalimu sizichambui sana, hizo angalau watu wanazo. Alisoma Tabora Boys kuanzia 1937, akarudi kufundisha hapa St. Mary's alipotoka Makerere, na Januari 1958 akasimama mbele ya wajumbe wa TANU mji huu huu kuwashawishi wakubali kura tatu, yaani kila mpiga kura amchague Mwafrika, Mwasia na Mzungu, jambo ambalo wengi walikuja wakiwa wameapa kulikataa. Zuberi Mtemvu alikasirika akatoka kuanzisha chama chake. Waliobaki wakaliita Uamuzi wa Busara, na kwenye uchaguzi wa 1958 na 1959 TANU ikazoa viti. Abiria wa makamo wanalijua jina hilo. Vijana wao wanadhani ni jina la shule. Kijana mmoja aliyefunzwa vizuri, akisimama pale nusu saa na kueleza kwa nini kura tatu ilikuwa tusi na kwa nini waliimeza, atamfanya mtu aikose treni yake.

Vijana hao wapo. Wanakaa hapa hapa stesheni, wana vyeti, wengine wana digrii, wanasubiri abiria wawabebee mabegi kwa mia tano. Naona na ninyi mnalisikia hilo likigonga: mjukuu wa mpagazi, mlango wa stesheni, begi kichwani. Wapeni mafunzo ya wiki mbili na fulana yenye jina. Begi abebe, akitaka, huku anasimulia.

Nina hofu moja, niiseme kabla sijaimeza. Kila linapotajwa neno utalii mjini, kitu cha kwanza kusafishwa huwa ni sisi. Anakuja mtu na rangi ya kupulizia, anatia alama ya X kwenye meza, unaambiwa eneo linapendezeshwa. Tafadhali msitupendezeshe. Mgeni aliyeketi kwenye benchi langu akala matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa vikakaushwa, na karanga, ameionja Tabora. Wazee wengine wanasema hata jina la mji limetokana na hayo matobolwa. Mvua zikianza kuna uyoga wa miomboni, anakuja na ndoo mama mmoja wa kutoka vijijini, na abiria wa Dar wanapigania. Hayo nayo ni ya kuona. Tupangeni kama mnataka kutupanga, chooni wekeni maji, lakini tuacheni tulipo.

Na haraka ipo. Reli mpya ya SGR inajengwa kuja huku. Siku itakapoanza, ile treni ya kukatwakatwa na kugongwagongwa itakuwa hadithi, na abiria atapita Tabora akiwa ameweka vifaa vya masikioni. Hizi saa nne tulizonazo leo ni mali inayoisha. Anayeshuka leo kwa sababu anasubiri kichwa kifungwe, siku hiyo itabidi ashuke kwa sababu kuna kitu anakitaka, na hicho kitu ndicho ninachowaomba tukiandae sasa wakati wangali wanashuka kwa lazima.

Yule mzee alinipigia wiki iliyopita. Binti yake amejifungua salama huko Kigoma, mtoto wa kiume, na anarudi Dar kwa treni mwezi ujao. Aliniuliza kama yule bwana ameshatoka Sikonge. Nikamwambia ametoka, nilimwona sokoni, funguo zinaning'inia kiunoni. Akaniuliza, "Na siku nitakayopita mimi?"

Kwa hiyo nawaomba mje mmoja wenu, siku yoyote ya treni. Acheni gari nyumbani, njooni kama abiria, mkae saa nne. Ukitoka lango la stesheni ni upande wa kushoto, turubai la bluu lenye kiraka. Chai nitawapa mimi. Ila mje mapema, chapati huisha.

Wenu,
Mama Chai wa Stesheni, Tabora